Kwa nini aliyekosea hasamehewi mpaka timu ibebe kombe?

Pembeni_mwa_Uwanja aliuliza:

Wakuu habari za wakati huu. Kuna kitu nimekiona kwenye hizi dokyumentari za michezo na kimenikaa kichwani, naomba tukijadili kwa utulivu bila kurushiana maneno ya timu.

Mi nazipenda zile za watu waliotupiwa jumba bovu. Sio za mabingwa na vikombe, nasema zile za mtu mmoja aliyekosea sekunde mbili tatu afu maisha yake yote yaliyobaki yakawa ndo hizo sekunde. Mfano Catching Hell ya 2011, ya Alex Gibney. Kama hufuatilii besiboli usiogope, stori inaeleweka. Tarehe 14 Oktoba 2003 Chicago Cubs wanaongoza 3-0, wamebakiza kuwatoa wapinzani watano tu waingie fainali ambayo hawajaigusa tangu 1945, na ubingwa wenyewe hawajauona tangu 1908. Mpira unapigwa unaangukia pembeni kwenye siti za mashabiki, watu kadhaa wananyoosha mikono kwa pamoja kama ambavyo shabiki yeyote angefanya, mmoja wao unamgusa mkono, na Moisés Alou wa Cubs aliyeruka kuudaka anapandwa na hasira mbele ya kamera. Basi, imetoka hiyo. Ndani ya kipindi kilekile Florida Marlins wakapata pointi nane, Cubs wakalala 8-3, kesho yake wakalala tena 9-6 na safari ikaishia hapo. Yule shabiki alitolewa uwanjani na walinzi huku watu wanammwagia bia na kumtukana.

Jina lake mnalijua na mi silitaji makusudi, kwa sababu aliomba radhi kwa maandishi, akakataa hela za matangazo, akakataa kamera miaka yote hii, na kitu pekee anachotaka ni kuachwa. Halafu katika kipindi hichohicho Alex Gonzalez wa Cubs, mchezaji kabisa anayelipwa kudaka, aliachia mpira mwepesi ambao ungeweza kumaliza kipindi kile. Nani anamkumbuka?

Sasa hoja yangu. Cubs walibeba ubingwa 2016, na 2017 klabu ikampa yule shabiki pete ya ubingwa. Bill Buckner wa Boston Red Sox, besiboli hiyohiyo, mpira ulimpita katikati ya miguu kwenye fainali ya 1986 dhidi ya New York Mets, akasakamwa mpaka akahamia Idaho na familia yake, akaja kupigiwa makofi na uwanja mzima wa Fenway Aprili 2008 analia, lakini angalia tarehe: Boston walikuwa wameshabeba 2004 na 2007. Beckham alichomewa picha na sanamu yake ikanyongwa nje ya baa baada ya kadi nyekundu dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia 1998, akaja kusamehewa vizuri alipowafunga haohao Argentina kwa penati 2002.

Yaani mnaona mpangilio? Kosa ni lilelile, mtu ni yuleyule, ila msamaha unakuja pale mashabiki tunapopata tulichokuwa tunakitaka. Huo kweli ni msamaha? Au tumeshiba tu ndo maana hasira zimeisha? Afu dokyumentari inakuja mwishoni na muziki wa huzuni, tunaangalia, tunamuonea huruma, tunajiona watu wema, wikiendi inayofuata tunamfungulia mwingine kurasa za matusi. Nataka kujua nyie mnaonaje, hizi filamu zinatubadilisha kweli?

---

KipaWaZamani alijibu:

Mkuu umegusa penyewe, na mi nimekaa langoni miaka mingi kwaiyo hii naijua kwa ndani, ila nina mfano unaovunja huo mpangilio wako wa "wakishinda watamsamehe".

Moacyr Barbosa. Kipa wa Brazil, mechi ya kuamua ubingwa wa Kombe la Dunia 1950 pale Maracanã, tarehe 16 Julai, watu zaidi ya 170,000 uwanjani. Brazil walihitaji sare tu wawe mabingwa. Wakapata goli kupitia Friaça, Schiaffino akasawazisha, afu dakika ya 79 Ghiggia akapita kulia akapiga ukaingia kati ya Barbosa na nguzo ya karibu, 2-1, nchi nzima ikanyamaza.

Watu wanaoonyeshwa lile goli peke yake wanasema kipa kaacha nguzo wazi, kaua timu. Lakini rudi nyuma kaangalie goli la kwanza la Uruguay. Ghiggia alipita palepale kulia, akamkatia Schiaffino katikati akafunga. Sasa mara ya pili jamaa anakuja kwa njia ileile, ukiwa kipa unafanyaje? Unasogea hatua moja kuiwahi krosi. Ni uamuzi sahihi kabisa ambao ulikutana na mtu aliyebadilisha mawazo. Sisi makipa ndo maisha yetu hayo, unacheza na kitu ambacho bado hakijatokea, ukipatia hakuna anayeona, ukikosea unazikwa nacho.

Sasa angalia hesabu yako mkuu. Brazil walibeba 1958. Wakabeba 1962. Wakabeba 1970. Njaa ya kombe iliisha kabisa. Barbosa akasamehewa? Mwaka 1993 alitaka kwenda kuwasalimia vijana wa timu ya taifa kambini akazuiwa, eti ataleta mkosi. Wakabeba tena 1994. Amefariki 2000 bado anaitwa yule wa Maracanã. Mwenyewe alikuwa anasema adhabu ya juu kabisa kwenye sheria za Brazil ni miaka 30 na yeye ameshatumikia 50.

Na tusifichane, lawama zilipogawanywa zilimwangukia Barbosa na mabeki Bigode na Juvenal, wote weusi. Ile imani kwamba kipa mweusi haaminiki ilikaa miongo na miongo, Dida alipokuwa kipa namba moja kwenye Kombe la Dunia la 2006 watu bado wanalitaja jina la Barbosa. Kwaiyo kombe peke yake halimsafishi mtu. Inategemea huyo mtu ni nani na kabla hajakosea walikuwa wanamuonaje.

---

Neema_Michezo alijibu:

Kaka KipaWaZamani hapo kwa Barbosa nimesoma mara mbili. Na mi naomba nilete wa upande wa pili kabisa ili tuone vizuri, maana kuna mtu alisamehewa kesho yake asubuhi bila timu kubeba chochote.

Scott Norwood wa Buffalo Bills. Super Bowl (fainali ya futiboli ya Kimarekani) ya Januari 1991, Bills wako nyuma 20-19 dhidi ya New York Giants, zimebaki sekunde nane, Norwood anapiga mpira wa yadi 47, ukipita kati ya nguzo ni ubingwa. Ukapita nje kulia. Wamefungwa kwa pointi moja. Kama kuna mtu duniani aliandaliwa kuwa mbuzi wa kafara basi ni huyu, maana hapakuwa na beki wa kumsingizia wala refa, ni yeye na mpira na nguzo.

Kesho yake timu inarudi Buffalo, maelfu ya watu wamejazana kuwapokea, na ule umati ukaanza kuimba wanamtaka Scott. Alikuwa amejificha nyuma ya wenzake. Wakaimba mpaka akatoka akasimama pale mbele, sauti inamkatika, akasema hajawahi kujisikia kupendwa kama siku ile. Imo kwenye Four Falls of Buffalo ya 2015 na kila nikifika pale machozi yananitoka, sioni aibu kusema.

Msimu uliofuata akaendelea kuwa mpigaji wao na mechi ya kuingia fainali walishinda 10-7 dhidi ya Denver, pointi tatu za tofauti zimetoka mguuni kwake. Bills wakafungwa fainali nne mfululizo na mpaka leo hawana Super Bowl hata moja. Kwaiyo @Pembeni_mwa_Uwanja msamaha bila kombe upo, watu wa Buffalo walionyesha. Swali langu mimi ni kwa nini wao waliweza na Boston hawakuweza, na hawa wote ni watu wenye uchungu na timu zao.

---

Beki_Tatu alijibu:

Mi naomba nitofautiane na nyie kwa heshima zote.

Mnaongea kama vile kukasirika ni dhambi. Shabiki anatoa hela yake, muda wake, anasafiri, anakosa usingizi, afu mtu analipwa mamilioni anafanya upuuzi uwanjani tumuimbie nyimbo? Hapana bana. Kuna makosa ya bahati mbaya na kuna makosa ya akili. Norwood alipiga mpira kwa nia njema ukatoka, sawa, huyo mpe pole. Barbosa alifanya kazi yake, sawa. Shabiki wa Cubs ndo kabisa hana kosa, hapo sina ubishi. Lakini Beckham 1998? Simeone kamsukuma kaanguka, ametulia pale chini, refa yuko hatua mbili, anarusha mguu. Hiyo sio bahati mbaya. Wenzake wakacheza na mtu pungufu karibu kipindi chote cha pili na dakika 30 za nyongeza. Ana haki ya kulaumiwa na kulaumiwa vikali.

Mkisema kila lawama ni uonevu mnaua maana ya kuwajibika. Mchezaji asiyelaumiwa hajifunzi. Ninachokataa mimi ni kumfuata mtu nyumbani, kutukana mama yake, kutishia mtoto. Mnachanganya vitu viwili.

---

Pembeni_mwa_Uwanja alijibu:

Kaka Beki_Tatu karibu, nilikuwa nasubiri mtu wa hivi maana tukikubaliana wote hakuna mjadala.

Hilo la kutenganisha lawama na unyanyasaji nakubaliana nawe. Shida yangu ni kipimo. Chukua mechi hiyohiyo ya Saint-Étienne. England na watu kumi walipambana mpaka 2-2 ikaisha, Sol Campbell akafunga kwa kichwa refa akalikataa, wakaenda kwenye matuta. Paul Ince akakosa. David Batty akakosa. Hao wawili ndo penati zilizowatoa kama unataka kuhesabu kweli. Lakini kesho yake gazeti likaandika simba kumi mashujaa na mvulana mmoja mjinga. Hao simba kumi wamo na Ince na Batty. Sisemi nao walipaswa kutukanwa, Mungu aepushe, nasema lawama ingekuwa inafuata kosa ingegawanyika. Haikugawanyika kwa sababu watu hawakuwa wanatafuta kosa, walikuwa wanatafuta mtu mmoja wa kuweka hasira zote.

Baggio wa Italia vilevile. Fainali ya Kombe la Dunia 1994 dhidi ya Brazil, kila mtu ana ile picha yake ameinamisha kichwa, mikono kiunoni. Franco Baresi alipaisha kabla yake. Massaro naye alidakwa na Taffarel. Na hata Baggio angefunga ingekuwa 3-3 na Brazil bado wana tuta moja mkononi, kwaiyo sio kwamba angefunga Italia wanabeba. Na huyu ndo aliyewafikisha pale, mawili dhidi ya Nigeria, moja dhidi ya Hispania, mawili dhidi ya Bulgaria, magoli matano ya mtoano peke yake! Mtu kakubeba mgongoni mpaka mlangoni, hatua ya mwisho kajikwaa, unamlaumu kwa kutokuingia ndani.

---

JichoLaKamera alijibu:

Naingia kwa upande wa kazi yangu, mi nahariri video, sio za michezo lakini kanuni ni zilezile.

Mbuzi wa kafara hatengenezwi uwanjani. Anatengenezwa kwenye chumba cha kuhariri. Mechi ni dakika 90 au 120, ina makosa kama hamsini ya watu ishirini. Hamna anayeweza kubeba hayo yote kichwani. Anachobeba ni picha moja, na picha inayochaguliwa ni ile yenye sura ya mtu na yenye mwisho. Penati ya tano ina mwisho, ya kwanza haina. Ndo maana Baggio na sio Baresi.

Nikupeni Buckner mwone ninachosema. Ile klipu inayorudiwa ni mpira unabiringika, unampita miguuni, Mets wanashangilia. Ukiiona hivyo unajua huyu ndo kapoteza ubingwa. Sasa rudisha nyuma kidogo tu. Red Sox wanaongoza 5-3, wamebakiza kumtoa mtu mmoja wawe mabingwa. Mrushaji Calvin Schiraldi anaruhusu mapigo matatu mfululizo. Anaingia Bob Stanley anarusha mpira ovyo unamkwepa mdakaji, Mets wanasawazisha 5-5. Ubingwa uliokuwa mkononi umeshatoka hapo, Buckner hajagusa kitu! Na kocha John McNamara alikuwa na kawaida ya kumtoa Buckner mwishoni mwa mechi amuweke Dave Stapleton kwa sababu Buckner vifundo vya miguu vilikuwa vibovu kabisa, siku ile akamwacha. Na baada ya hapo kulikuwa na mechi ya saba, Boston wakaongoza 3-0 wakafungwa 8-5. Vyote hivyo haviingii kwenye klipu ya sekunde kumi.

Kwaiyo dokyumentari nzuri kazi yake ni kurudisha zile dakika zilizokatwa. Catching Hell ilifanya hivyo, inakuonyesha mikono mingine iliyonyooshwa pale pembeni, unaona kabisa ni bahati tu mpira uliangukia kwa nani.

Ila mnisikilize hapa, kuna dokyumentari zinazofanya kinyume, zinamsafisha mmoja kwa kumchafua mwingine. The Last Dance ya 2020, ya Michael Jordan na timu ya kikapu ya Chicago Bulls. Imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, naikubali, lakini Jerry Krause, meneja mkuu wa Bulls, kwenye ile filamu kafanywa nini? Yule ndo aliyemleta Pippen 1987, akampandisha Phil Jackson kuwa kocha mkuu, akawaleta Kukoč na Rodman. Vikombe sita ana mkono wake. Na ile video ya msimu wa 1997-98 haikuweza kutumika bila ruhusa ya Jordan. Krause alikuwa amefariki 2017, hana pa kujibu. Kwaiyo anabaki yule mfupi mnene wa kuchekwa na wachezaji, aliyeivunja timu, wakati mwenye timu alikuwa Reinsdorf na uamuzi mkubwa hauwezi kupita bila yeye.

Na hii sio nadharia. Januari 2024 Bulls waliwaenzi watu wao wa zamani, jina la Krause likatajwa, uwanja ukazomea. Mjane wake amekaa palepale. Akalia mbele ya watu wote, Ron Harper ndo akawa anamfariji. Walikuwa wanamzomea tangu enzi zake ni kweli, ila kuna vijana pale uwanjani hawakuwa wamezaliwa Bulls wakibeba vikombe. Hao wamemjulia wapi Krause kama sio kwenye skrini?

---

Neema_Michezo alijibu:

Jamani ile ya mjane sikuipenda kabisa kabisa. Nilikuwa nafikiri hizi filamu zinaponya tu. Asante JichoLaKamera.

---

Mama_Kandanda alijibu:

Wanangu nimewasoma wote, mnaongea vizuri. Naomba nami niseme maana mpira nimeangalia kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Mmetaja Wazungu na Wabrazili, hamjamtaja Asamoah Gyan. Tarehe 2 Julai 2010, Soccer City, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay, dakika ya 120 imeisha, Adiyiah anapiga kichwa mpira unaingia na Suárez anauzuia kwa mikono kwenye mstari. Kadi nyekundu, penati. Afrika yote imesimama, hatujawahi kuwa na timu nusu fainali. Gyan akapiga ukagonga mtambaa panya. Suárez anaonekana kule kwenye njia ya kutokea anashangilia.

Sasa wanangu, kile alichofanya Gyan baadaye ndo watu hawakisemi. Dakika chache tu matuta yanaanza, nani kaenda kupiga la kwanza la Ghana? Ni yeye. Akafunga, tena juu kabisa. Mnajua moyo unaotakiwa hapo? Wengine wangeomba kutolewa. Matuta yaliyowatoa walikosa nahodha John Mensah na huyohuyo Adiyiah, Muslera akayadaka yote mawili. Lakini kwa miaka na miaka ukisema 2010 watu wanakutajia Gyan. Kijana aliyesimama mara mbili ndo kabeba la wote. Nusu fainali ya kwanza ya Afrika ikaja kuletwa na Morocco 2022, na sikuona mtu akisema haya sasa tumuombe radhi Gyan.

Na mwanangu Beki_Tatu, unasema lawama inafundisha. Angalia fainali ya Euro pale Wembley, Julai 2021, England na Italia. Rashford kagonga nguzo, Sancho na Saka wamedakwa na Donnarumma. Saka ana miaka 19! Kabla hawajafika hata kwenye basi matusi ya rangi yamejaa kwenye kurasa zao. Hayo yanafundisha nini? Kupiga penati vizuri? Ila nilimpenda yule kocha Southgate, alitoka akasema wapigaji niliwachagua mimi, lawama ni yangu. Yeye alikosa penati dhidi ya Ujerumani 1996 kwenye uwanja wenye jina hilohilo, aliijua ile barabara. Na picha ya Rashford iliyochorwa ukutani Manchester ilipochafuliwa, watu wa pale wakaifunika kwa barua na mioyo ya karatasi mpaka uchafu hauonekani. Hiyo ni siku mbili tu baada ya kufungwa, hakuna kombe hapo. Kwaiyo Neema mwanangu, waliofanya Buffalo walifanya na Manchester.

Mi naona tofauti inaanza na anayetangulia kusema. Akitangulia kocha au nahodha kusema ni letu sote, watu wanafuata. Akitangulia mwenye gazeti kusema ni huyu, watu pia wanafuata.

---

Beki_Tatu alijibu:

Mama shikamoo. Hoja ya Southgate ina uzito. Nabaki na msimamo kwamba kosa la makusudi lina lawama yake, ila kwa wale vijana watatu hamna kosa la makusudi hata kidogo na rangi ya mtu sio suala la mpira, anayeandika yale hafai kuitwa shabiki.

Niongeze na mpaka wangu ulipo ili nieleweke. Andrés Escobar, beki wa Colombia. Tarehe 22 Juni 1994, Kombe la Dunia, alijifunga dhidi ya Marekani, Colombia wakafa 2-1, na hiyo ilikuwa mechi ya pili, ya kwanza walishachapwa 3-1 na Romania kwaiyo hali ilishakuwa mbaya kabla yake. Akarudi nyumbani, akaandika gazetini kwamba maisha hayaishii hapa. Tarehe 2 Julai kapigwa risasi Medellín, ana miaka 27. Ukiangalia The Two Escobars inakueleza mambo ya hela za dawa za kulevya zilivyoingia kwenye mpira, wachezaji wanatishiwa hotelini katikati ya mashindano, Gabriel Gómez akaachwa nje kwa vitisho. Ile filamu inanifanya nitofautishe. Wale walikuwa wahalifu, sio shabiki wa kawaida aliyepandisha sauti kwenye kibanda. Tusiwaweke kapu moja.

---

KipaWaZamani alijibu:

@Beki_Tatu kapu moja hapana, nakubali. Ila wahalifu wanachukua ruhusa kutoka kwenye kelele za wengi. Nchi nzima ikisema mtu fulani katuua, mwenye bastola anajiona anatenda kwa niaba.

Na kuna kitu kuhusu huruma yetu kinaniuma kama kipa. Loris Karius, kipa wa Liverpool, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kule Kyiv 2018. Kamrushia Benzema mpira mguuni, afu shuti la mbali la Bale limempita mikononi, Madrid 3-1. Vitisho vya kuuawa vikaja usiku uleule. Siku chache baadaye madaktari wa Boston wakasema alikuwa na mtikisiko wa ubongo, na kabla ya yale magoli aligongana na Ramos. Ghafla sauti zikapungua. Vizuri. Lakini kwa nini tulihitaji cheti cha daktari? Tuseme asingekuwa ameumia, ni siku mbaya tu, ndo vile vitisho vingekuwa halali? Kipa mzima wa afya anaruhusiwa kukosea. Hakucheza tena mechi ya mashindano akiwa Liverpool.

---

Pembeni_mwa_Uwanja alijibu:

Aisee hapo kwa cheti cha daktari umesema kitu nilichokuwa natafuta namna ya kukisema. Inakuwa kama aliyekosea lazima alete kitu ndo tumwachie, kombe, au goli la kulipiza, au cheti cha hospitali. Norwood na wale watatu wa Wembley hawakuleta kitu. Walipewa.

Na kuhusu swali langu la mwanzo naanza kuona jibu linategemea filamu yenyewe inaangalia wapi. Ikimwangalia yule aliyekosea tu, analia, sisi tunalia naye, imeisha. Ikigeuza kamera ituangalie sisi tulioko jukwaani hapo kidogo inauma. Gibney aligeuza, sura za watu wanaomrushia mtu bia zinaonekana wazi kabisa, watu wazima wenye familia zao, na hakuna hata mmoja aliyeishi miaka akijificha kwa alichofanya usiku ule.

Niulize la mwisho wakuu. Mkipewa nafasi leo ya kuamua filamu ijayo imhusu nani, mngemchagua nani?

---

JichoLaKamera alijibu:

Bigode na Juvenal. Barbosa angalau ameandikwa sana, wale mabeki wawili wamezikwa na lawama bila hata kuhojiwa vizuri.

---

Neema_Michezo alijibu:

Mi nataka ya ule umati wa Buffalo. Sio Norwood, ule umati. Nani alianza kuimba jina lake? Kuna mtu mmoja pale alianza, wa pili akadakia. Huyo wa kwanza namtaka.

---

Mama_Kandanda alijibu:

Dominic Adiyiah wanangu. Mwaka 2009 Ghana wamebeba Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 kule Misri, yeye ndo mfungaji bora kwa magoli manane na mchezaji bora wa mashindano, AC Milan wakamchukua. Miezi michache baadaye yuko Soccer City, ana miaka 20, kaingia mwishoni mwa dakika 90. Kichwa chake kingekuwa goli la kuipeleka Afrika nusu fainali, kikazuiwa kwa mikono. Tuta lake likadakwa. Kwa dakika chache amekuwa shujaa aliyenyang'anywa na mkosaji, vyote viwili. Milan hakupata nafasi, akaja kumalizia mpira mbali huko Thailand. Suárez wamemuuliza kuhusu ile mechi mara nyingi sana. Gyan wamemuuliza. Huyu kijana nani amekaa naye akamuuliza?